Kati ya "Na" na "Au"

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa somo la tafsiri alitupa vifungu viwili vya sheria tuvitie katika Kiswahili. Kimoja kilitoka katika sheria ya uchaguzi wa rais ya hapa kwetu Uganda. Kingine ni kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya, kama kilivyokuwa Agosti 2017. Wenzangu walilalamika kwamba kazi ni kavu. Mimi nilinyamaza. Nimelelewa Busia, mpakani, na mjomba wangu anayebadilisha fedha, na kwetu kesi za uchaguzi ni mazungumzo ya chakula cha jioni.

Mwaka 2006 mjomba alikuwa wakala wa mgombea mmoja katika kituo cha kupigia kura. Anasema hesabu iliyofanywa mbele yake na ile iliyosomwa baadaye kwenye majumlisho hazikulingana. Alibaki na nakala ya fomu aliyoitia saini. Kizza Besigye alipoamua kwenda Mahakama ya Juu, Katiba ya wakati huo ilimpa siku 10 tu tangu matokeo kutangazwa. Hati za kiapo zilikusanywa mbiombio, na mjomba hakufikiwa na mtu. Fomu yake ikalala kwenye sanduku la bati, na imo mpaka leo.

Hukumu ilitoka Aprili. Mahakama ilikubali kwamba sheria ilikiukwa: kuna wapigakura waliofutwa kwenye daftari au kunyimwa haki ya kupiga kura, na kuhesabu na kujumlisha kura kulikuwa na kasoro. Lakini majaji wanne dhidi ya watatu waliona haikuthibitishwa kwamba kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kesi ikatupwa. Mjomba huitaja ile nne kwa tatu kama mtu anayetaja matokeo ya mpira ambao timu yake ilionewa.

Tarehe 1 Septemba 2017 nilikuwa likizoni. Tulivuka upande wa Kenya, tukakaa kwenye hoteli ya chai yenye televisheni. Jaji Mkuu David Maraga akasoma uamuzi: wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa 8 Agosti umebatilishwa. Pengo lililotangazwa kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga lilikuwa kura takriban milioni 1.4. Nje watu walianza kupiga honi. Mjomba aliniuliza, "Wamesema ni kura ngapi zilizoharibika?" Hawakusema. Akanyamaza mpaka chai ikapoa.

Swali lake nilianza kulielewa kwenye zoezi lile la tafsiri. Sheria yetu inasema uchaguzi utabatilishwa mahakama ikiridhika kwamba haukufuata misingi ya sheria *na* kwamba ukiukaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Ya Kenya ilisema uchaguzi hautabatilishwa ikiwa uliendeshwa kwa misingi ya Katiba na sheria *au* ikiwa ukiukaji haukuathiri matokeo. Majaji walio wengi waliisoma hiyo "au" kama milango miwili: mlalamikaji akithibitisha jambo moja, inatosha. Uchaguzi, walisema, ni mchakato, si tukio la siku moja. (Nikiri kwamba kwa mantiki tuliyofundishwa darasani, "au" hiyo ingeweza kusomwa kinyume kabisa, uchaguzi ukasalimika kwa sharti moja tu. Nilibishana na mwenzangu juu ya hili hadi maktaba ikafungwa.)

Kilichonishinda zaidi ni "kwa kiasi kikubwa". Kiasi ni cha sukari, cha maji, cha kitu kinachopimika. Nikiandika hivyo, tayari nimemwambia msomaji ahesabu. Nikiandika "kwa namna ya msingi", nimemwambia atazame ubora wa uchaguzi, nami nimejipa ujaji. Nilimpigia mjomba simu.

"Mimi nikikuta noti moja bandia kwenye bunda," alisema, "siulizi bunda limepungua kiasi gani. Nalifungua lote."

"Lakini mjomba, mahakama haiwezi kufungua nchi nzima kwa noti moja."

"Ndiyo, mwanangu. Basi waseme ni ngapi."

Niliandika "kwa kiasi kikubwa", nikaweka maelezo marefu chini ya ukurasa.

Likizo ilipofika nilimpelekea karatasi iliyosahihishwa. Aliisoma kwa miwani, akaizungushia "na" duara kwa kalamu yake ya hesabu, akauliza kama Bunge linaweza kubadilisha neno dogo hivyo. Nikamweleza kwamba Bunge la Kenya lilifanya hivyo majuma machache tu baada ya hukumu ya Maraga: liliondoa "au", likaweka "na", likaongeza na "kwa kiasi kikubwa", kisha mwaka 2018 Mahakama Kuu ikayabatilisha marekebisho hayo.

Alicheka, akaikunja karatasi, akaenda kuiweka kwenye sanduku la bati juu ya fomu yake.