Ufunguo Kwenye Nyuzi za Piano

Nilikuwa karibu kuacha kutengeneza sauti za michezo ya redio. Kikundi chetu hakikuwa na studio, na kila nilipoona vifaa wanavyotumia wengine nilivunjika moyo. Kilichonibadilisha ni Doctor Who, tamthilia ya BBC ya msafiri anayevuka nyakati akiwa ndani ya kibanda cha polisi. Sisemi vipindi vya siku hizi vilivyojaa picha za kompyuta. Nasema vile vya mwanzo kabisa, vya mwigizaji William Hartnell, visivyo na rangi.

Kipindi cha kwanza kilirushwa Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na wiki iliyofuata kikarudiwa. Hayo kila shabiki anayajua. Mimi nilinaswa na mlio wa kile kibanda kinapoondoka, kama chuma kinachokoroma. Mtengeneza sauti Brian Hodgson aliupata kwa kukwaruza nyuzi nene za piano kuukuu kwa ufunguo wa nyumba ya mama yake, kisha akaichezea ile rekodi kwenye mikanda. Ufunguo wa mlango!

Muziki wa kufungulia ndio ulionimaliza kabisa. Mtunzi ni Ron Grainer, lakini aliyeupa sauti ni Delia Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills. Hawakuwa na kinanda cha kielektroniki. Uzi mmoja ulivutwa ukaachiwa, ukarekodiwa, kasi ya mkanda ikaongezwa na kupunguzwa hadi kila noti ya besi ikapatikana. Vipande vikakatwa kwa wembe na kuungwa kimoja kimoja.

Niliposoma hayo niliipindua baiskeli uani, nikavuta spoku moja nikaiachia, nikarekodi kwa simu na kupunguza kasi. Ukatoka mngurumo mzito, wa kutisha hasa, tukautumia kwenye mchezo wetu kuwa sauti ya meli inayozama. Tangu hapo sufuria, bati, mnyororo, vyote navigonga kwanza nisikie vinasemaje. Kazi sijaiacha.

Jambo moja linaniuma. Grainer alitaka Derbyshire atambuliwe kuwa mtunzi mwenza, lakini utaratibu wa BBC wa wakati ule haukuruhusu. Jina la Derbyshire lilikuja kuonekana kwenye tamthilia hiyo mwaka 2013, naye alikuwa amefariki mwaka 2001. Nawaomba ninyi mnaoandaa michezo ya redio: mnapowataja waigizaji mwishoni, mtajeni na aliyetengeneza sauti.