Nyama ni Kitoweo, Basi Chakula Ki Wapi?

Msomaji mpenzi, bila shaka nawe umewahi kupewa kazi hii. Mbuzi amechinjwa, wanaume wameuzunguka moto, kila mmoja akijidai bingwa wa kuchoma, kisha mtu anakugeukia na kukuambia, "Wewe tutafutie vitu vya kulia nyama." Utadhani ni kazi ndogo. Mimi iliniaibisha mbele ya wakwe zangu, na hadi leo nikiikumbuka masikio hunipata moto.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Majengo, na nimeolewa Kiogoro, si mbali na mji wa Kisii. Desemba ya 2009 mume wangu aliwaalika baba yake na wazee wa ukoo waje nyumbani kwetu, ili mke wa mtoto wao awakirimu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tayari na mtoto mmoja, Moraa, lakini sikuwa nimewahi kuwapikia wazee hao hata chai. Nilitaka waondoke wakisema yule msichana wa pwani ni mpishi.

Basi nikajipanga. Kwetu mshikaki haukamiliki bila ukwaju, kachumbari ya pilipili na mhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu. Nilibeba ukwaju kutoka soko la Kongowea, nikausafirisha hadi Kisii kana kwamba ni dhahabu. Nikaongeza na mambo ya Nairobi: chipsi, na saladi ya kabichi na karoti iliyovurugwa kwa mayonezi. Meza ikapendeza kweli kweli, nikaipiga na picha.

Mavyaa naye alikuwa na shughuli zake jikoni. Siku mbili kabla ya karamu alichuma chinsaga, mboga ambayo sisi tunaiita mgagani, akaichambua jani kwa jani, akaitokosa muda mrefu, akamwaga yale maji machungu, akatia maziwa na kuiacha ilale chunguni. Kesho yake akaipasha tena na kuongeza maziwa mengine. Nilipofunua chungu niliona kitu cheusicheusi. Nilipoonja, uchungu ukanipanda mpaka puani. Nikajiambia kwamba mboga hii haiwezi kuwekwa mbele ya wageni. Unga wake wa wimbi nao niliusukuma kando, kwani nani atakula ugali na huku kuna chipsi? Nikawaambia wasichana waliokuwa wakinisaidia wakiache chungu kile jikoni, wasikitoe.

Mavyaa alikuwapo. Alisikia. Hakusema neno.

Alasiri mvua ikanyesha, kama ilivyo kawaida ya Kisii, tukahamia ndani na nyama yetu. Chipsi zilipoa zikawa kama vitambaa vilivyolowa. Saladi ilijitoa maji. Wazee walionja ukwaju wangu wakatazamana. Walikula vipande viwili vitatu vya nyama, wakanywa supu, wakashukuru, wakaomba, wakaondoka mapema. Nyama ilibaki tele, nami kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba tumewashibisha wageni na bado tuna akiba!

Usiku, tukiosha vyombo, wifi yangu aliniambia polepole, "Wifi, wazee wamepitia kwa baba mdogo kula."

"Kula nini tena? Si wametoka kula hapa?"

"Hapa walionja nyama. Kula hawajala."

Msomaji, nilisimama na sahani mkononi nisijue la kusema. Sisi tunaojivunia Kiswahili tuna neno kitoweo, na tunajua maana yake: ni kile kinachosindikiza chakula, kiwe samaki, kiwe nyama, iwe maharagwe. Lakini tukishafika mbele ya moto wa nyama tunalisahau neno letu wenyewe. Tunaifanya nyama kuwa bwana harusi, na vingine vyote vinakuwa wapambe. Kiogoro hawajalisahau. Kwao chakula ni obokima, yaani ugali wa wimbi, na mbuzi mzima hata achomwe vipi bado ni kitoweo. Mzee ambaye hakupewa obokima hakula, hata kama umemwekea paja zima.

Baba mkwe ndiye aliyelala na njaa. Yeye hakwenda kwa baba mdogo, kwani karamu ilikuwa ya mwanawe, na angewezaje kuonekana akila kwingine? Wala hangeweza kuniambia mimi. Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, ile haya na heshima iliyopo baina ya mzazi na mke wa mwanawe. Mkwe hamwendei mke wa mwanawe kumwambia kwamba ana njaa. Hunyamaza akalala.

Asubuhi nilimkuta mavyaa jikoni. Amepasha kile chungu chake na anakula peke yake, taratibu. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Nilitarajia kukaripiwa. Akanisogezea kigoda na kusema, "Mama Moraa, keti ule."

Aliipasha nyama ya jana, akasonga obokima moto moto, akapakua chinsaga. Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Kisii iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jua likishajificha kuna baridi. Mafuta ya mbuzi huganda upesi, yakakushika ulimi na kaakaa. Mombasa joto halitupi taabu hiyo, ndiyo maana vitu baridi vyenye ukali vinatutosha. Kiogoro unahitaji kitu cha moto cha kuyayeyusha mafuta hayo, na kitu kichungu cha kuyakata. Uchungu ulionikera nilipoonja mboga peke yake, pamoja na nyama haukuwa kero hata kidogo. Ulisafisha kinywa, nikataka tonge jingine.

Basi, wewe unayepanga kuchoma nyama nyumbani, anza na chakula, kisha uje kwa mengine. Kilo moja ya unga huwatosha watu watano au sita wenye njaa, na ugali usongwe nyama ikiwa karibu kuiva, si saa nzima kabla. Mboga usiinunue kwa macho, kwani fungu kubwa la majani likiingia motoni hunywea likawa bakuli. Huko Nairobi chinsaga utaipata sokoni kwa jina la saga. Ikiwa watoto wako wanaukimbia uchungu, changanya na mnavu au mchicha, na usiikose siku ya maziwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kutafiti mboga zetu hizi za kienyeji na kueleza ubora wake, kwa hivyo usione haya kuziweka mbele ya mgeni. Ndizi mbichi zichomwe kwenye jivu na maganda yake, pembeni pale ambapo moto umepungua.

Kachumbari pia siiachi, mimi ni mtu wa pwani! Ila vitunguu vioshwe kwa maji ya chumvi na kukamuliwa, na nyanya zikatwe wageni wakishanawa mikono, kwa sababu chumvi huzivuta maji na ukichelewa utaandaa supu baridi. Saladi ya mayonezi mimi nimeiacha kabisa. Ikikaa nje zaidi ya saa mbili haifai kuliwa, na karamu gani ya nyama choma ilishawahi kuanza kwa wakati?

Mwaka uliofuata tuliwaalika wazee tena. Safari hii nilichuma chinsaga mwenyewe, mavyaa akiwa amekaa kigodani akinisahihisha, na obokima ikaja mezani katika ekee, kile kikapu chao kizuri cha kusukwa. Baba mkwe alikula bila kusema lolote, kama ilivyo ada. Kisha akamtuma Moraa jikoni kuuliza kama chungu kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha, nikapakua mikono ikinitetemeka.

Ukwaju niliuweka pia, kidogo tu, kwenye kibakuli pembeni. Hakuna mzee aliyeugusa. Lakini mavyaa aliutia kidole, akalamba, akatia tena. Siku hizi kila tunapofunga safari ya Desemba hunipigia simu. Hatuulizi tumeondoka saa ngapi wala kama watoto hawajambo. Hutaka kujua kwanza kama ukwaju wake umo ndani ya gari.