Dungu Si Kibanda

Nilipanda basi Dar es Salaam alfajiri, mkoba wa nguo ukiwa mdogo kuliko mkoba wa karatasi. Katika ule wa karatasi mlikuwa na hadithi fupi 31, na mchapishaji alitaka 15 tu, ndani ya siku kumi. Nyumbani nisingemaliza. Nikikaa mezani jirani anabisha hodi, na ikifika saa mbili usiku tamthilia ya Kituruki inaanza, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo mimi na binti yangu hatukosi hata sehemu moja. Nikachagua Ifakara. Mmoja wa waandishi wangu anaishi huko, fundi simu wa sokoni, na hadithi yake ndiyo iliyokuwa ikinisumbua.

Watu hudhani kazi ya mhariri wa mkusanyo ni kuchagua. Kuchagua ni kazi ya siku mbili. Zinazobaki ni siku za kupanga ipi itangulie ipi, kubembeleza waandishi, na kutafuta jina la kitabu. Tazama *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, waliyoihariri Ken Walibora na Said A. Mohamed mwaka 2007, au *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* ya Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, mwaka 2016. Hadithi moja inapewa jalada, wenzake wote wanabanana chini ya maneno mawili: Hadithi Nyingine. Nimeshapigiwa simu za usiku wa manane kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Tulikata Hifadhi ya Mikumi huku abiria wakihesabu twiga, tukafika Mikumi mjini, tukaiacha barabara ya Iringa na kushika ya kusini. Kidatu tulivuka Ruaha Mkuu, tukaingia kwenye miwa. Kuanzia hapo Milima ya Udzungwa haituachi, iko kulia kama ukuta wenye ukungu juu. Katika misitu hiyo yumo nyani wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Nililifikiria hilo kwa dakika mbili, kisha nikasinzia. Laiti ningelifikiria zaidi.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Zinabeba kuni, mikungu ya ndizi, wanafunzi wawili wawili, na jioni ya kwanza moja ilibeba mkoba wangu wa karatasi hadi nyumba ya wageni, mimi nikifuata kwa miguu. Ratiba yangu ilijipanga yenyewe. Asubuhi, kabla ya jua kali, nilisoma barazani kwa penseli. Mchana nilikula wali na perege wa kukaanga, nikalala. Alasiri nilisoma tena, safari hii kwa sauti, maana sentensi mbovu hujificha kwenye macho lakini haiwezi kujificha mdomoni. Mhudumu alinisikia siku ya pili akauliza kwa upole, "Mama, unasali?"

Siku ya tatu nilikwenda sokoni kununua mchele wa kupeleka nyumbani. Ilikuwa Mei na mashine za kukoboa zilikuwa zinanguruma. Nikaona mchele wa Supa una bei kubwa kuliko wa Saro, nikamwambia muuzaji anichanganyie nusu kwa nusu. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Dada yangu, huo hauivi pamoja. Mmoja utakuwa ugali, mwingine bado una kiini."

Nikanunua Supa tupu, kilo kumi.

Usiku huo sikuwa na tamthilia, nikaingia kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani. Kiingilio kilikuwa bei ya soda. Filamu ilikuwa ya mapigano, ya Kichina, na juu ya sauti za waigizaji alikuwa akisema mtafsiri wa Kiswahili, ule mtindo aliouvumisha Lufufu hapa nchini. Jambazi alipoanguka kutoka ghorofani mtafsiri alimsindikiza kwa utani hadi chini, na benchi zote zikacheka. Ila nikagundua kitu. Mtafsiri akinyamaza, Kichina kinarudi. Mwigizaji analia kwa lugha yake na ukumbi wote unatulia, ingawa hakuna aliyeelewa neno. Mtafsiri alijua pa kunyamaza.

Sasa niseme kuhusu hadithi ya fundi simu. Ni ya mtoto wa kike anayeachwa peke yake kwenye shamba la mpunga. Mama yake ameondoka kwa mtumbwi, giza linaingia, na mtoto anavuta kamba usiku kucha. Mwandishi aliandika kwamba mtoto yuko dunguni. Neno hilo mimi nalijua kwa kamusi tu. Nikawaza mwanafunzi wa kidato cha pili atalifahamu wapi? Nikalifuta, nikaweka "kibanda". Miezi miwili baadaye niliposoma tena, hadithi ikaniyumbia. Nikaandika pembeni: "Kwa nini mtoto asitoke nje akamfuate mama?" Nikaiweka kwenye rundo la zinazoachwa.

Siku ya tano mwandishi alifunga meza yake ya simu akanichukua. "Shikamoo, mama," alisema, akanipa kofia ya chepeo. Tukapanda bajaji hadi Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018. Zamani hapa watu na magari walivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Kivuko hakipo tena, lakini kijiji cha ng'ambo bado kinaitwa Kivukoni. Chini yetu mitumbwi ilipita kimya, na bonde lilikuwa pana hadi jicho linachoka: maji, nyasi, mpunga, maji tena.

Shamba la mama yake tulilifikia kwa miguu, viatu mkononi. Na pale katikati ya mpunga ulioiva lilisimama dungu. Nguzo nne ndefu, sakafu ya miti juu ya kichwa changu, paa la nyasi, ngazi ya vijiti. Familia nyingi za bondeni huhamia mashambani msimu wa kilimo, na mafuriko yakija maji hupita chini ya sakafu.

"Karibu juu, dada," mama akaita.

Nilipanda nikitetemeka magoti. Juu kulikuwa na mkeka, sufuria, chandarua, na mafundo ya kamba kwenye nguzo. Kamba zilikwenda pande zote hadi kingo za shamba, kila moja imefungwa makopo matupu. Kundi la kwelea likatua upande wa mashariki. Mama hakuinuka. Alivuta kamba moja, makopo yakapiga kelele mbali kabisa, ndege wakaruka.

"Na usiku?" nikamuuliza.

"Usiku nguruwe na viboko. Na mtu akipotea majini, anafuata makopo."

Nilimgeukia kijana wake. Alikuwa anatazama mto. Mtoto wa hadithi hakuweza kushuka kwa sababu chini yake palikuwa maji. Alivuta kamba ili mama aliye gizani ajue nyumba iko wapi. Nilifuta neno moja, nikayakausha maji yote, kisha nikamlaumu mwandishi kwa ukavu.

"Kwa nini hukuniambia nilipokutumia masahihisho?"

Alicheka kwa aibu. "Nilijua mjini hamna madungu, mama. Nikaona mmenipunguzia."

Nilirudi Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Usiku ilipokuwa ikikata Hifadhi ya Nyerere, abiria wenzangu wamelala na Supa yangu iko chini ya kiti, niliwasha tochi ya simu. Nikarudisha "dungu" mahali pake. Kisha nikaanza kupitia hadithi nyingine 14, nikitafuta kila neno nililofuta. Hadi stesheni ya Kisaki nilikuwa nimefika kumi na moja.

Pembeni mwa kila moja nikaandika kwa penseli: "Muulize mwenyewe."