Kwa Nini Nilifuta Ile Video ya Vijiti

Wengi mmeniuliza ile video ya vijiti ilienda wapi. Hakuna aliyeiripoti. Niliifuta mwenyewe Jumapili usiku, nikiwa nimelala na simu usoni. Ndiyo ilikuwa video yangu iliyotazamwa kuliko zote, na wengi wenu mlinijulia hapo. Kwa hivyo wacha niwaambie ilivyokuwa, halafu mnicheke mkitaka.

Kwa wale hawakuiona: nimekaa na bakuli la wali, nimeshika vijiti vya kulia kama mtu anayejaribu kufunga kamba za viatu akiwa amevaa glavu za ndondi. Wali unaanguka. Nahangaika. Mwisho nachoka, nadunga vijiti vyote viwili katikati ya wali, vinasimama wima kama milingoti, halafu nakula na mkono. Basi. Watu walicheka mpaka wakalia.

Wakati huo nilikuwa weita kwenye mkahawa mmoja wa vyakula vya Asia hapa Nairobi. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, karo imekwama na hamu pia imeisha. Video ilipobamba, nikaanza kupeleka bakuli za wali mezani hivyo hivyo, vijiti vimesimama. Nilidhani ni stailo. Wateja Wakenya walikuwa wanapiga picha.

Siku moja akaingia mzee Mjapani na binti yake. Nikaweka bakuli mbele ya mzee, vijiti wima, na tabasamu langu lote. Mzee akainamisha macho. Binti akanyoosha mkono, akachomoa vile vijiti polepole, akavilaza kando ya bakuli. Hakuna aliyenigombeza. Walikula kimya.

Wakati wa kulipa, binti akanijia kaunta. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao, mtu akifariki, wali hujazwa kwenye bakuli lake, vijiti vinasimamishwa juu, na bakuli linawekwa karibu na maiti. Halafu akasema mama yake alikuwa amefariki mwaka huo. Akamaliza: "Hukujua. Sasa unajua." Meneja hakuitwa.

Manze, kuna aibu ya kupigiwa kelele na kuna aibu ya kusemeshwa kwa upole. Hiyo ya pili hailali. Nilikumbuka tulivyomzika guka, kila mjukuu akichota udongo kidogo na kuutupa kaburini. Sasa fikiria mgeni aje mezani kwenu, achote udongo akurushie kwenye sahani, akitabasamu, akidhani ni stailo.

Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma, na kuangalia wateja wakila. La kwanza nililogundua ni kwamba hakuna kitu kinaitwa "vijiti vya Wachina" tu. Sisi hapa mtaani kila mtu wa upande ule tunamwita Mchina, halafu tunakasirika wao wakisema Afrika ni nchi moja.

Vijiti vya China kwa kawaida ni virefu na butu mbele. Kuna sababu: vyakula huwekwa katikati ya meza, kila mtu anachota kutoka mbali. Vya Japani ni vifupi na vimechongoka, vinafaa kutoa miiba ya samaki, na mara nyingi kila mtu ana chakula chake mbele yake. Vya Korea mara nyingi ni vya chuma, bapa, na huja na kijiko, kwa sababu wali na supu Mkorea huvila kwa kijiko, vijiti ni vya mboga na nyama.

Adabu nazo zinagongana. Japani na China unainua bakuli la wali karibu na mdomo, hakuna shida. Korea ukiinua bakuli kutoka mezani unaonekana huna malezi. Japani ukivuta tambi kwa kelele ni sawa kabisa. China usigongegonge bakuli kwa vijiti, hiyo ilikuwa kazi ya ombaomba. Na Japani usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti vyako hadi vijiti vyake, kwa sababu baada ya maiti kuchomwa, jamaa huokota mifupa na kupokezana kwa vijiti. Hili la kusimamisha vijiti kwenye wali ni mwiko kote kutatu. China linawakumbusha ubani unaowashiwa wafu.

Na kuna kitu kiliniuma zaidi. Mwisho wa video, pale nakula na mkono ndiyo nionekane mshamba? Japani sushi unaweza kuila kwa mkono, hakuna atakayekushangaa. Kwa hivyo hata kichekesho chenyewe hakikuwa kichekesho.

Korea ndiyo ilinirudisha nyumbani. Pale huanzi kula kabla mkubwa hajashika kijiko chake. Ukimmiminia mzee kinywaji unashika chupa kwa mikono miwili, na ukinywa mbele yake unageuza uso kando. Nikasema, hii si kama kwetu tu? Kwetu mdogo ndiye anazungusha birika na karai, anamnawisha baba kwanza, na hakuna anayegusa ugali kabla yake.

Sasa kwa nini nilikaa na hiyo video miezi yote hiyo baada ya kujua? Pesa, kwanza. Kuna mtu alitaka kunilipa nitengeneze sehemu ya pili, na mwenye nyumba wangu hali adabu. Pili, buda. Tangu niache chuo, baba yangu alikuwa ananisalimia kama jirani. Hiyo video ndiyo kitu pekee changu aliwahi kuwaonyesha marafiki zake. Mathe aliniambia alikuwa anasema, "Huyu ni kijana wangu." Ungeifuta?

Niliikataa ile kazi ya sehemu ya pili, halafu nikaifuta ya kwanza. Wiki hii nikaenda nyumbani. Tukiwa mezani, buda akauliza, "Ile ya vijiti naitafuta siioni." Nikamweleza yote, mzee Mjapani, binti, bakuli la maiti. Alinyamaza muda mrefu, akidhani labda nitaendelea, au labda akiwaza tu. Halafu akasema, "Na ulimwomba msamaha?"

Sikuwa nimemwomba. Niliduwaa pale kaunta na risiti mkononi mpaka wakaondoka, na hawakurudi tena.

Buda hakuongeza neno. Alinyoosha mikono, nikachukua birika, nikamnawisha.

Sisemi tusicheke. Kazi yangu ni kuchekesha na nitaendelea. Ninasema ukitaka kuchekesha na meza ya watu, jua kwanza wanazika vipi. Na huyo dada, kama siku moja mtu atakutafsiria hii: pole kwa mama, na samahani kwa lile bakuli.