Kitenzi Kitakacho Nguzo

Msomaji, kitenzi cha Kiingereza "demarcate" kina maana finyu: kuutia mpaka alama ardhini, kwa nguzo au mawe. Kuueleza kwa maandishi au kuuchora katika ramani kuna kitenzi chake kingine, "delimit". Sisi kwa yote mawili husema "kuweka mpaka".

Safiri kutoka Lodwar, upite Kakuma na Lokichoggio, hata Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini; utajua kuwa tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Waingereza waliuandika mpaka huo mwaka 1914. Lakini Waturuki na Watoposa, wote wafugaji, wamepigana kwa ajili ya malisho na maji. Wino haumzuii ng'ombe.

Basi kabla hujakitumia kitenzi hiki, uliza kwanza: nguzo zi wapi?