Madaftari ya Mwaka Jana

Akina mama wenzetu, mtoto anapokariri darasa aibu huingia nyumba nzima. Sisi hapa Kibiti ilitufika Januari, matokeo ya kidato cha pili yalipotoka na kijana wetu akatakiwa kuurudia mwaka. Baba watoto alisema simu ndiyo mchawi, itupwe mto Rufiji. Tukaifungia kabatini.

Jumamosi moja tulirudi kutoka zamu ya usiku tukamkuta sebuleni anacheza. Ufunguo tulikuwa tumeuficha ndani ya kopo la chumvi. (Watoto hawana mahali wasipopajua!) Tulitaka kufoka, lakini miguu ilikuwa imechoka, tukaketi na kuuliza tu, "Mchezo huu si uliumaliza Desemba?"

"Niliumaliza, Mama. Naurudia."

Akatueleza. Katika michezo hii mchezaji hushika nafasi ya shujaa, anayeongezeka nguvu kila anaposhinda pambano. Mwanzoni huulizwa achague: rahisi, kawaida au ngumu. Ukichagua rahisi, maadui hupiga kidogo na kufa upesi, ila hadithi ni ile ile. Ukishamaliza, mingine hukuruhusu kuanza upya huku ukibaki na nguvu na silaha ulizochuma. Chrono Trigger, mchezo wa Japani wa mwaka 1995, ndio ulioupa mtindo huo jina lake. Dark Souls wa 2011 haukupi kuchagua ugumu hata kidogo. Na ukiurudia unabaki na silaha zako, lakini maadui nao wameongezewa nguvu.

Tukakumbuka bao. Babu yao kule Nyamisati, kwenye delta, huwaanzishia wajukuu bao la kujifunza, kete zote 64 zikiwa ubaoni, mbili mbili kila shimo. Bao la Kiswahili lenyewe huanza na kete 10 tu kila upande, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Hapo ndipo hesabu humtoa mtu jasho.

"Lakini bao halikuachii kitu," tulimwambia. "Leo ukishinda, kesho kete ni zile zile."

Akacheka. "Babu anabaki na kichwa, Mama." Kisha akanyamaza kidogo. "Madaftari yangu ya mwaka jana yako wapi?"

Tulikosa la kusema. Tulikuwa tumemnunulia madaftari mapya yote, na begi jipya, tukidhani tunamwanzisha safi. Yale ya zamani tulimpa jirani anayeuza maandazi, awafungie wateja. Mwenyewe hatukumwuliza. Na katika matokeo yale Biolojia na Jiografia alikuwa amepata alama nzuri; sisi tulitazama neno la mwisho tu, tukafanya kana kwamba mwaka mzima hakujifunza chochote.

Tulijifunga kanga juu ya sare ya kazi, tukaenda kwa jirani. Madaftari manne yalikuwapo bado. La Biolojia lilibaki nusu, na la Hisabati lilikuwa limekwisha kwa wateja wa asubuhi ile ile. Jirani alidai karatasi badala yake, na haki yake. Tukampa rundo la ratiba za kwaya za mwaka uliopita.

Baba watoto alipoamka alitukuta sakafuni na kijana, tunapanga kurasa na kuzifuta mafuta. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akaleta gundi.

Simu hakuiulizia.