Kidonge Kando ya Birika

Mwaka mpya unapoingia, nyumba nyingi hugeuka mabaraza ya kutunga sheria. Ndivyo ilivyokuwa yangu Januari mosi mwaka 2022. Baada ya kutoka kanisani nilichukua kalenda iliyokwisha, nikaigeuza upande wa nyuma, na kwa mwandiko wangu wa ualimu nikaandika maazimio 9: kukimbia kila alfajiri hadi Bigwa na kurudi, kuacha sukari, kuacha chumvi, kuacha nyama ya kuchoma, kulala saa tatu usiku, na mengine ambayo sasa siyakumbuki. Karatasi hiyo niliibandika ukutani sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeisoma. Sina budi kukiri kwamba kuonyesha maazimio yale kulinipendeza kuliko kuyatekeleza.

Hata hivyo, sikuwa nafanya mchezo. Miezi miwili kabla ya hapo nilimsindikiza dada yangu zahanati, na muuguzi akanipima shinikizo la damu kwa sababu tu nilikuwa nimekaa karibu na meza yake. Akapima mara ya pili, kisha ya tatu: 178 kwa 104. Sikuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu. Nilichokuwa nacho ni njaa tu. Hiyo ndiyo hila ya maradhi haya. Kaka yangu mkubwa naye aliambiwa hivyo hivyo, akapewa vidonge, akavimeza hadi alipojiona mzima, akaviacha. Kiharusi kilimkuta shambani mwaka 2019, wakati wa palizi. Baada ya matanga, tulipokuwa tunagawana vitu vyake, nilikuta mkebe wa majani ya chai, na ndani yake vidonge vikiwa vimekaa kama alivyoviacha. Mkebe ule niliuchukua mimi.

Pamoja na hayo yote, sheria zangu 9 hazikufika sikukuu ya Mapinduzi. Siku ya nne goti lilivimba, na mbio zikaishia hapo. Lakini iliyoniletea aibu ni chumvi. Nilimtangazia mwenzangu, mbele ya wajukuu, kwamba mapishi yake ndiyo yanayoniua. Hakunijibu neno. Kesho yake alinipikia chungu changu peke yangu, maharage yasiyo na chembe ya chumvi, akaniandalia mezani; wao wakala mkekani, wakizungumza na kucheka. Nilivumilia siku tano. Ya sita nilipita kwa muuza chipsi, nikala nimesimama kama mwizi. Usiku ule, watu wakiwa wamelala, niliibandua karatasi yangu ukutani.

Na vidonge je? Vilikuwa kabatini chumbani, na kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa yale mengine yote, navyo nikaviacha. Ndiyo mantiki ya mtu aliyeshindwa: akikosa tisa, hataki hata moja.

Ndugu msomaji wa umri wangu atakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza vipindi na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, minyoo na maji salama, kisha wakaenda kutenda. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa kumbebea baba redio. Kijijini kwetu vilichimbwa vyoo vingi mwaka ule. Baadhi vilichimbwa kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi, na masika yaliyofuata yakavifukia bila mtu kusikitika. Cha baba kilidumu. Nilidhani ni kwa sababu alikichimba kwa ustadi, lakini sasa naona sababu nyingine. Baba alikuwa ameniagiza kwamba kila jioni, nikishafunga zizi la mbuzi, nichukue debe la maji nilipeleke chooni. Mbuzi walifungwa kila siku, kwa hiyo maji yalipelekwa kila siku. Sikuhitaji kukumbuka afya, nilikumbuka mbuzi.

Miaka mingi baadaye, wataalamu wa University College London walichapisha mwaka 2010 uchunguzi uliofanana na hekima hiyo ya zizini. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo moja la kula, kunywa au mazoezi, wakalifungamanisha na jambo walilokwisha kulizoea, kama vile kifungua kinywa. Kwa kadiri ya katikati ilichukua siku 66 jambo lile kuwa mazoea, ila wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 18 tu, na wengine 254. Tena ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Laiti ningalilijua hilo siku goti lilipovimba!

Mwezi Machi mwaka ule nilivitoa vidonge kabatini, nikarudi kwanza zahanati kukiri kwamba niliviacha, nikakaripiwa ipasavyo. Kisha nikavitia katika mkebe wa kaka na kuuweka kando ya birika. Chai sijaikosa asubuhi hata moja tangu nioe. Hilo ndilo lilikuwa azimio langu lote. Matembezi yalikuja mwezi Juni, nusu saa kwa miguu pamoja na jirani mmoja ambaye hugonga dirisha nikichelewa. Siku tano kwa juma zinatimiza dakika 150 zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Chumvi ilichukua muda zaidi, kwani kwanza ilinibidi niombe radhi, na radhi ya mke wa miaka 34 haiombwi kwa haraka. Nilimweleza kwamba kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, na kwamba hicho ni cha chakula chote, pamoja na mkate na dagaa wa chumvi.

"Baba," alisema, "ungeniambia hivyo tangu mwanzo, badala ya kuniita muuaji mbele ya watoto."

Hakunipikia tena chungu cha peke yangu. Alipunguza katika chungu cha wote, kidogo kidogo, akaongeza ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Mjukuu mmoja alinung'unika juma zima, kisha akasahau. Nami nikarudi mkekani.

Januari hii sikuandika kitu nyuma ya kalenda. Tarehe 5 nilikwenda kupimwa. Muuguzi aliandika 136 kwa 84 katika daftari langu, akapiga mstari chini yake, akaniambia nisiache dawa, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.